Kipande cha Kijani Nyuma ya Kalowe

Picha ilikuwa kubwa kuliko kitenge, na waliitundika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba, ndani ya hema la kanisa. Watu wa Kalowe hawakuwa wamewahi kuiona kambi yao kutoka juu. Waliisogelea, kila mtu akijitafuta kwa kidole, na kwa muda kidogo ikawa kama sikukuu.

"Ile njo nyumba yangu!" mama mmoja akasema.

"Nyumba gani? Ile ni choo!"

Hema zima likacheka. Clémentine Kabedi naye alicheka, binti yake Jenny akiwa mgongoni, mpaka jicho lake lilipoteleza nyuma ya safu ya mwisho ya vibanda. Hapo kicheko kikamkauka mdomoni.

Pande zote za Kalowe zilipakwa nyekundu. Nyekundu mpaka barabara ya Likasi, nyekundu mpaka njia inayoshuka hadi ziwa Tshangalele. Nyuma ya kambi tu, karibu kabisa, kilibaki kipande cha kijani.

Aliyeleta picha alikuwa Philippe Mukendi, kijana wa Likasi, mtoto wa mtaa wa Panda, mwenye adabu zake na viatu vyake vilivyopigwa rangi. Shirika lililolisha kambi lilimwajiri kutazama picha za satelaiti na kusema msitu umebaki wapi na umekwisha wapi. Alieleza taratibu, bila kujivuna. Nyekundu ni mahali miti ilipokatwa tangu watu walipofika hapa wakikimbia vita huko kaskazini. Kijani ni pori ambalo bado limesimama. Kisha akaweka kidole pale pale ambapo Clémentine aliomba kisifike.

"Ba mama, munasema munatembea asubui mpaka mangaribi juu ya kuni. Munasema kule ku ziwa banawapiga. Njo maana tulitaka kuwaletea makala ya takataka pa nafasi ya kuni. Sasa hii pori yote iko nyuma ya manyumba yenu, na hamuigusi. Juu ya nini?"

Wanawake waliinamia watoto wao, wanaume wakatazama paa la hema kana kwamba ndiyo kwanza wanaliona. Kuku aliingia, akatembea katikati ya watu, akatoka, na hakuna aliyemfukuza.

Ukweli ulikuwa huu, na kila mtu mzima mle ndani aliujua. Kijani kile kilikuwa malalo. Watoto wa Kalowe walizikwa pale, chini ya miti, bila msalaba, bila jina, bila hata jiwe. Surua iliingia kambini na mvua za kwanza za mwaka uliopita, ikapita kibanda kwa kibanda. Mama wa kwanza kufiwa alifanya kama watu wanavyofanya: alilia kwa sauti, kisha akaenda ofisini kusema mtoto wake amekufa. Walimpa pole nyingi. Halafu wakachukua kadi yake ya chakula, wakapunguza mtu mmoja, na siku ya kugawa unga akapimiwa pungufu, huku mtoto wake wa pili akiungua na homa na akihitaji kula kuliko siku zote. Huyo naye akamfuata mwenzake.

Basi, wengine wakajifunza. Jamani, hilo nalo ni somo la kumfundisha mzazi! Tangu siku hiyo mtoto aliyekufa Kalowe aliendelea kuwa hai kwenye kadi, na sehemu yake ya unga ikamlisha aliyebaki. Lakini ili iwe hivyo, matanga hayakufanyika. Na mtu wa Katanga anajua kukosa matanga ni kukosa nini: hakuna moto uani, hakuna mikeka, hakuna wanawake wa kukushika mabega ukianguka, hakuna wimbo. Walizika alfajiri, watu wawili watatu, harakaharaka, mama akiwa ameuma kona ya kitenge ili sauti isitoke. Siku alipomzika mwanawe Chadrack, Clémentine aliuma kitambaa mpaka kikatoboka.

Jambo moja tu walikataa kunyang'anywa. Huko walikotoka, mahali pa wafu shoka haliingii. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kukubaliana, walijua tu. Walikata miti ya kila upande, wakaenda mbali, wakazidi kwenda mbali, hadi kwenye pori la vijiji vya ziwani ambako wenyewe waliwatimua kwa fimbo, na mara nyingine kwa mambo mabaya kuliko fimbo. Miti ya nyuma ya kambi haikuguswa. Misuku, miti ya matunda ya porini, ilikuwa mingi mle. Masuku yakaiva, yakadondoka, yakaoza, na kambi nzima yenye njaa haikuokota hata moja. Kila mama alikuwa na mti wake na aliujua. Wa Clémentine ulikuwa musuku wa ukingoni, wenye shina lililopinda.

Na sasa macho ya mbinguni yalikuwa yamepaona.

Papa Doudou, mkuu wa kambi, mzee aliyeshika jembe kwenye mazishi karibu yote yale, alikohoa. "Kule kuko ba nyoka, monsieur Philippe. Ba nyoka mingi sana."

Philippe akatabasamu. "Papa, nyoka haiwezi kuzuia bantu bote hawa."

Kisha akawasomea uamuzi wa wakubwa wake. Makala ya takataka, vile vitofali vya moto vinavyotengenezwa kwa maganda ya mahindi, vitapelekwa kambi nyingine ambako kijani kimekwisha kabisa. Kalowe ina kuni zake karibu. Wataletewa mashoka na majembe, na fundi wa makala, makaa ya miti, atawajengea tanuru humo humo porini. Alilisema kwa furaha, masikini, kama mtu anayewapunguzia wanawake safari ya mateso.

Tanuru! Kila mtu wa huku anajua tanuru la makala linavyojengwa. Magogo hupangwa, hufunikwa majani, kisha hufukiwa kwa udongo unaochimbwa hapo hapo. Na makaburi yale hayakuwa ya kina. Yalichimbwa na watu wenye njaa, kwa majembe butu, kabla jua halijatoka.

Jioni, kwenye bomba la maji, Georgette Kabongo alimvuta Clémentine pembeni. Vibanda vyao viligusana, na wawili hawa walikuwa wameshikana mikono njia nzima ya kukimbia vita, hata Clémentine akamwita yaya, dada mkubwa.

"Hii macho yako naijua," Georgette alisema. "Funga kinywa."

"Batachimba, yaya. Batamuchimba mutoto wangu na jembe."

"Na bangu? Miye iko na babili kule. Unaona nalia?" Georgette alishusha ndoo. "Mathieu wangu anakula. Leo alikula, jana alikula. Ukisema wa kwako, batahesabu bote, batapita nyumba kwa nyumba. Utaua wangu juu ya wako mwenye alisha kufa?"

Clémentine alimtazama Jenny aliyekaa chini akichezea matope. Surua ilikuwa imempata yeye pia, ikamwacha mifupa. Muuguzi wa kambi alipomfunga ule utepe wa kupimia mkono, ulisimama kwenye nyekundu, rangi ya njaa kali, kwa muda mrefu. Ni sehemu ya kaka yake iliyomvuta hadi kwenye njano. Unga wa Chadrack, maharage ya Chadrack, mafuta ya Chadrack. Kila kijiko alichomlisha Jenny, Clémentine alijua kimetoka wapi. Baba yao, Bertin, alikwenda kuchimba madini Shinkolobwe, kwenye mashimo yale ambayo serikali inasema yamefungwa na watu wanaingia kila siku, na habari zake zikakatika. Kama yu hai, basi hajui bado kwamba ana mtoto mmoja.

Kesho yake alimwachia Georgette mtoto, akadanganya kwamba anakwenda kuulizia habari za Bertin, akapanda taxi-bus mpaka Likasi. Barabarani walipishana na baiskeli zilizobeba magunia ya makala yaliyopita kichwa cha mwendeshaji, moja baada ya nyingine, zikielekea masoko ya mjini. Mji mzima unapikia makala, kuanzia kwa wakubwa wa kiwanda hadi kwa muuza mandazi. Lakini picha ilipigwa Kalowe, kwa hiyo wenye kosa walikuwa watu wa Kalowe.

Philippe alimpokea vizuri. Alimpa kiti, akamletea maji ya baridi. Mbele yake, kwenye kioo cha kompyuta, Kalowe ilikuwa imelala na ule ukijani wake mgongoni.

"Monsieur Philippe," Clémentine alisema, "ondoa ile kijani."

"Niondoe namna gani, mama?"

"Paka nyekundu. Sema imekatwa yote."

Kijana alicheka, kisha akamwona uso, akaacha. "Mama, hii photo si miye nilipiga. Machine iko inapita kule juu, inarudia kila mara. Nikipaka rangi ya uongo leo, photo ingine itakuya kunisemea. Nitafukuzwa kazi." Alisogeza kiti. "Unipe sababu. Sababu yenye naweza kuandika."

Clémentine akasema kuna nyuki. Philippe akasema nyuki wanafukuzwa kwa moshi. Akasema kuna chemchemi ya maji. Philippe akaikuza picha, akatafuta, hakuona dalili ya maji. Akasema kuna mizimu. Philippe akashusha pumzi, maana hilo asingeweza kuwaandikia wakubwa wake. Akamtazama mwanamke yule aliyetoka mbali hivi kuombea miti.

"Mama," aliuliza polepole, "kuko bantu balizikwa kule?"

Hakuwa mjinga. Clémentine alitazama mikono yake. Kuona hivyo, kijana aliinua uso, na kwa mara ya kwanza akachangamka kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

"Kama ni malalo, ni rahisi kabisa! Malalo hatugusi. Nachora mustari hapa, inaisha. Hakuna shoka, hakuna tanuru. Unanipa tu majina ya bale balizikwa, juu bakubwa bangu bataomba majina." Akachukua kalamu. "Hata moja, tuanze nayo."

Jina likamjia Clémentine mdomoni. Hakuwa amelitamka mbele ya mtu tangu alfajiri ile. Alitamani kulisema, tena si kulisema tu, kulipiga kelele mpaka watu watoke ofisi za jirani waulize mama huyu amefiwa na nani, naye awaambie: Chadrack, alikuwa mpole, alikuwa anaogopa mbuzi, alikuwa anaimba vibaya. Alimpenda kijana yule kwa sababu alikuwa wa kwanza kuuliza. Alimchukia kwa sababu hiyo hiyo. Angesema, mstari ungechorwa, mti ungebaki, na mtoto angelala. Halafu wangekuja na kadi zao. Wangepita kwa Georgette. Wangefika kwake, na mkono wa Jenny ungerudi kule ulikotoka.

"Hakuna muntu," alisema. "Ni ba nyoka tu."

Philippe aliweka kalamu chini. Hakumwamini, lakini hakuwa na jina, na bila jina hakuwa na kitu. Alimsindikiza hadi mlangoni, na kwa kuwa alikuwa kijana mwenye moyo, akafungua mfuko wake akatoa biskuti.

"Uko na batoto bangapi, mama?"

"Babili," Clémentine akasema.

Akampa pakiti mbili.

Mashoka yalifika wiki ile ile. Fundi wa makala alikuja nayo, mtu mnene wa Likasi, na Papa Doudou ndiye aliyemtembeza porini. Mzee yule alimpeleka moja kwa moja upande wa chini, kwenye udongo wa kichanga ambako hakuzikwa mtu. Fundi alichota udongo, akaufinya, ukamwagika kati ya vidole vyake. Akatikisa kichwa. Udongo kama huu haushiki, tanuru litapasuka na magogo yatageuka majivu. Akadai posho yake, akarudi mjini. Kwa hiyo majembe hayangetumika. Kambi ilipumua nusu pumzi. Watoto hawatachimbwa, lakini miti itaangushwa, na hilo hakuna mzee wa kulizuia.

Siku ya kukata, Philippe alikuja na gari la shirika kupima na kupiga picha. Kalowe yote ilitoka. Wanaume walipewa mashoka mapya yenye mipini myeupe, wakaingia hatua chache ndani ya kivuli, na hapo wakasimama. Wakasimama tu. Mmoja alijifanya anakagua makali ya shoka. Mwingine akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Papa Doudou alifungua mdomo atoe amri, akaishia kukohoa.

"Kuko nini?" Philippe aliuliza.

Philippe akatazama uso mmoja, akahamia mwingine. Aliona wanawake walivyosimama: hawakusimama kikundi kama wanavyosimama wakingoja unga, walijitawanya, kila mmoja ameelekea mti mmoja. Macho yake yakamfikia Clémentine, yakabaki kwake, na Clémentine akaliona lile swali la ofisini likirudi. Pembeni yake Georgette alikuwa tayari ameingiza kona ya kitenge mdomoni. Kijana akiuliza sasa hivi, mbele ya wote, kuko bantu balizikwa hapa, Georgette atapasuka. Na akipasuka mmoja, watapasuka wote.

Clémentine alimshusha Jenny mgongoni. Akamwendea mwanaume aliyekuwa karibu, akalitwaa shoka mikononi mwake, yule hakulishikilia. Akatembea hadi kwenye musuku wa shina lililopinda. Watu walimpisha, na wale waliokuwa wakijua mti ule ni wa nani waligeuza nyuso.

Ee Mungu, kuna mambo ambayo mzazi hapaswi kuyafanya kwa mikono yake! Alizunguka shina kwanza. Alichagua upande wa kukata, ili mti uangukie nje, kwenye uwazi, usimwangukie mtoto. Kisha akapiga. Gome liliruka likamgonga shavuni. Akapiga tena. Kila shoka lilipopanda alilisema lile jina, kimya, ndani kwa ndani, na lilipokuwa linashuka alilisema tena. Utomvu ulimrukia mikononi, vidole vikateleza, akajifuta kwenye sketi, akaendelea. Jenny alianza kulia nyuma yake kwa kuogopa uso wa mama yake, na hakuna aliyekwenda kumbembeleza, maana hakuna aliyeweza kuondoa mguu. Musuku ulilia kwa muda, ukainama, ukaenda chini upande ule ule aliouchagua.

"Bravo, mama!" Philippe alipiga makofi, na wasiwasi wote ukamtoka usoni. Hapakuwa na malalo, basi. Nani angekata mti wa malalo kwa nguvu namna ile? "Muone mama Clémentine! Mwanamuke njo anafundisha banaume!" Akainua simu yake akampiga picha, amesimama na shoka, mguu mmoja juu ya shina.

Ndipo wengine wakaanza. Georgette alitema kitenge, akachukua shoka. Mama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akaenda kwenye mti wake, na hakuna aliyegusa wa mwenzake. Wanaume walisubiri mpaka akina mama walipomaliza, ndipo wakakata ile isiyokuwa na mtu. Philippe alitazama miti ikianguka ovyo, mmoja huku, mmoja kule, akamwambia dereva wake kwamba watu wa Kalowe wana bidii lakini hawajui kukata kwa mstari.

Mchana ukapita. Gari likaondoka. Wanawake walifunga kuni mizigo mizigo wakabeba kichwani, na njia ilikuwa fupi kweli, kama wakubwa walivyosema. Hakuna aliyechoka.

Kuni zilikuwa mbichi. Zilipowashwa zilikataa kushika moto, zikatoa moshi, moshi mzito mweupe uliojaa kila kibanda, ukatoka, ukatanda juu ya Kalowe nzima. Clémentine aliinamia mafiga akipuliza. Macho yalimwasha, machozi yakaja, na katika moshi ule nani angemuuliza mtu analia nini? Akalia. Akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mvua zile, amepiga magoti mbele ya sufuria. Katika kibanda cha pili alimsikia Georgette, na mbele ya Georgette mwingine, na mwingine, kambi yote ikikohoa na kulia juu ya sufuria za bukari, ugali wa huku. Hata mlinzi wa shirika getini hakuona ajabu. Alijifuta macho yake mwenyewe akasema moshi wa leo ni mbaya.

Maji yakachemka. Clémentine alisonga bukari, akapakua, akamkalisha Jenny kwenye mkeka na kumwekea sahani. Mtoto alikula kwa mikono miwili, bila kuinua kichwa, mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Mama," alisema, "ongeza."

Clémentine alijifuta uso kwa kitenge. Akachota ile ya Chadrack, akamwekea.